Kuongoza Kazini kwa Maadili ya Kikristo: Mwongozo kwa Msimamizi Mpya

Mwongozo huu ni wa Mkristo aliyekabidhiwa watu wa kuwasimamia kazini hapa Tanzania, awe muuguzi kiongozi wa wodi, mkuu wa karakana, mwalimu mkuu, msimamizi wa bohari au mkuu wa kitengo ofisini. Nimesimamia watu kwa miaka 17, kwanza katika bohari na baadaye katika utawala, na nimeona kwamba wafanyakazi hawaupimi Ukristo wa mkubwa wao kwa sala anayofungulia kikao wala kwa msalaba alioutundika ukutani. Wanaupima kwa vitu vinavyopita mikononi mwake, yaani ratiba ya zamu, fomu ya likizo, karatasi ya saa za ziada, barua ya onyo, na jina analolipendekeza nafasi ya mafunzo inapotokea. Kwa sababu hiyo hatua zinazofuata zinahusu vitu hivyo, na zimepangwa kwa mfuatano ambao msimamizi mpya hukutana navyo.

Kabla ya kuanza, soma Mathayo 20 kuanzia aya ya 20 hadi ya 28, na uisome ukiwa na mahali pako pa kazi akilini. Mama wa wana wa Zebedayo anakwenda kwa Yesu kuwaombea wanawe nafasi mbili za juu kabisa, mmoja mkono wa kuume na mwingine mkono wa kushoto. Wanafunzi kumi waliobaki wanaposikia wanakasirika. Ndipo Yesu anawaita wote na kuwaambia kwamba wakuu wa mataifa huwatawala watu kwa nguvu, lakini kwao haitakuwa hivyo. Fundisho la utumishi lilitolewa katikati ya ugomvi wa vyeo, baada ya mzazi kuja kuwaombea wanawe nafasi, na wenzao wakiwa wamekwisha kuingiwa na kinyongo. Msimamizi yeyote aliyekaa kwenye kiti chake miezi mitatu ameshakutana na hali hiyo.

Hatua ya kwanza: Jua kile ambacho tayari ni haki ya watu wako

Katika wiki ya kwanza omba orodha ya wafanyakazi walio chini yako, mikataba yao, na hesabu ya siku za likizo ambazo kila mmoja anadai. Kisha keti na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, uisome mwenyewe bila kutegemea masimulizi ya waliokutangulia. Utakuta kwamba saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, kwamba saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, kwamba mfanyakazi anastahili likizo ya mwaka ya siku 28, kwamba mama aliyejifungua ana siku 84 za likizo au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na kwamba anaporudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto.

Nimeiweka hatua hii mbele ya mengine yote kwa sababu kosa linalowapata Wakristo wengi wenye moyo mwema ni kumpa mtu kama fadhila kile ambacho ni haki yake. Msimamizi anayemwambia mama mwenye mtoto mchanga, “Leo nakuhurumia, nenda nyumbani mapema,” amemgeuza mama huyo kuwa mdaiwa wa shukrani kwa saa ambazo tayari zilikuwa zake. Mtume Paulo aliwaandikia mabwana wa Kolosai wawape watumwa wao yaliyo haki na ya adili, wakikumbuka kwamba wao nao wana Bwana mbinguni, na neno alilotanguliza ni haki. Huruma ina nafasi yake, nayo huanza pale sheria inapoishia: siku ya tano ya msiba wakati sheria imetoa siku nne, au zamu nyepesi kwa mtu anayeuguza mzazi.

Hatua ya pili: Shughulikia malipo ya watu kabla ya shughuli zako

Maandiko hayana mzaha katika jambo la ujira. Mambo ya Walawi 19:13 inasema, “ujira wake aliyeajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi.” Kumbukumbu la Torati 24 inarudia agizo hilo na kutoa sababu, kwamba mtu huyo ni maskini na moyo wake umeutumainia ujira huo. Yakobo naye anasema kwamba ujira wa wakulima uliozuiwa kwa hila unapiga kelele. Msimamizi wa ngazi ya kati hujibu upesi kwamba yeye si mhasibu, mishahara hailipi yeye. Hilo ni kweli kwa sehemu ndogo tu, kwa sababu malipo mengi ya watu wa chini, kama vile saa za ziada, posho ya usiku, vibarua wa siku na marejesho ya nauli, hayawezi kwenda kwa mhasibu mpaka karatasi ipite mezani kwako na kupata saini yako.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa nililikosea mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa pili wa usimamizi niliondoka Ijumaa mchana kwenda kwenye semina ya kanisa nikaacha karatasi za saa za ziada za watu sita ndani ya droo iliyofungwa, nikidhani Jumatatu si mbali. Dirisha la malipo la mwezi ule lilifungwa Jumamosi. Mmoja wa wale sita alikuwa mama anayefanya usafi, na fedha zile alizitarajia kwa kodi ya chumba. Aliishi mwezi mzima kwa kukopa kwa majirani wakati mimi nilikuwa nimetoka kwenye mafundisho juu ya upendo. Tangu hapo nina kanuni ambayo nakuomba uichukue kama ilivyo: karatasi yoyote yenye malipo ya mtu mwingine hailali mezani kwangu, na nikisafiri naacha barua ya kumkaimisha mtu mwenye mamlaka ya kutia saini.

Fedha zinapokosekana kweli, waite watu wote mapema, waeleze kiasi kilichopo na tarehe unayoweza kuisimamia, wala usitaje tarehe ya kuwatuliza tu. “Maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo” ni agizo linalotimizwa hapa kuliko mahali pengine popote. Halafu angalia mafungu yako mwenyewe. Nehemia alipokuwa liwali wa Yuda hakula chakula cha liwali kwa miaka 12, kwa sababu mzigo ulikuwa mzito juu ya watu, ingawa waliomtangulia walikuwa wakikila. Hapa kwetu, mnamo Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki wa kusali kila siku, alitangaza kuupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wewe huenda huna mshahara wa kupunguza, lakini una posho ya kikao na safari ya warsha, na zinaweza kusubiri mpaka walinzi walipwe.

Jambo moja zaidi katika malipo ni makato ya hasara. Katika maduka, hoteli na vituo vya mafuta imekuwa desturi kwamba fedha zikipungua jioni, aliyekuwa kwenye zamu anakatwa zote bila kuulizwa. Sheria inataka mfanyakazi aelezwe sababu na kiasi cha deni na apewe nafasi ya kulipinga, na makato ya namna hiyo hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara wake. Msimamizi anayekata kwanza na kuuliza baadaye amehukumu bila kusikiliza, hata kama kiasi chenyewe ni kidogo.

Hatua ya tatu: Gawa kazi, na ugawe pamoja na mamlaka yake

Musa alikuwa akiketi tangu asubuhi hadi jioni kuamua mashauri ya watu wote, mpaka mkwewe Yethro akamwambia kwamba atadhoofika yeye na watu wake pamoja naye. Shauri lililotolewa katika Kutoka 18:21 linakupa vigezo vinne vya kumchagua msaidizi: awe na uwezo, awe mcha Mungu, awe mtu wa kweli, na awe mwenye kuchukia mapato ya udhalimu. Angalia kwamba uwezo umetajwa wa kwanza. Mtu mnyenyekevu asiyeijua kazi atawaumiza wagonjwa au kuharibu mashine kwa unyenyekevu wake wote.

Ukishamchagua, mwandikie barua inayotaja anachoweza kuamua bila kukuuliza, kisha uheshimu maamuzi yake hata pale ambapo wewe ungeamua tofauti.

Hatua ya nne: Weka undugu na zawadi hadharani

Siku chache baada ya kupanda cheo, simu zitaanza. Mjomba ana kijana amemaliza chuo. Mwinjilisti ana binti anayetafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Mzee wa kanisa anauliza kama zabuni ya chakula imeshatangazwa. Hawa si watu wabaya, na katika jamii yetu mtu asiyewasaidia ndugu zake huonekana hana utu. Ndiyo maana jaribu hili ni gumu kuliko bahasha ya mgeni. Kwa Mkristo lina uso mwingine wa hatari zaidi, kwa kuwa upendeleo unaweza kuvaa vazi la imani: unampandisha mwenzako wa kwaya huku ukijiambia kwamba umechagua mtu mcha Mungu. Walawi 19:15 inakataza kumpendelea maskini na kumstahi mwenye nguvu katika hukumu, na ukiitii aya hiyo msharika mwenzako naye hatapata njia ya mkato.

Fanya hivi. Ndugu, jirani au msharika wako akiomba kazi mahali unaposhiriki kuamua, mwandikie mkuu wako barua fupi ya kueleza uhusiano huo, kisha ujitoe kwenye jopo la usaili, si kwa kukaa kimya chumbani bali kwa kutoka nje. Mwambie ndugu yako tarehe ya mwisho ya maombi, mfundishe kuandika barua, mfanyishe mazoezi ya usaili nyumbani. Huo ni msaada halali na mkubwa. Kwa upande wa zawadi, fungua daftari moja ambalo kila kitu kinacholetwa na mteja au mzabuni, hata kama ni kilo tano za mchele mwezi wa Desemba, kinaandikwa na kupelekwa mahali pa wote. Kutoka 23:8 inasema rushwa huwapofusha macho hao waonao, na yeyote aliyewahi kukagua mzigo wa mzabuni aliyemkirimu anajua namna jicho linavyoanza kuruka gunia lenye unyevu.

Kuna rushwa ambayo makanisani tunaizungumza kwa sauti ya chini mno, nayo ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya mwaka 2007, inaitaja waziwazi katika kifungu cha 25 kuwa ni kosa la jinai kwa mwenye mamlaka kudai ngono kama sharti la ajira, cheo au haki yoyote. Ukiletewa malalamiko ya namna hiyo, usimwite mlalamikaji na mlalamikiwa wapatane mbele yako, wala usimwombe mlalamikaji asamehe kwa ajili ya jina jema la ofisi. Andika alichosema, mlinde asipangwe tena chini ya mtu huyo, na umwelekeze TAKUKURU. Wanaoificha aibu ya namna hii kwa kutaja msamaha wanamtumia Kristo kumfunika mwenye nguvu, na sijui dharau iliyo kubwa kuliko hiyo.

Hatua ya tano: Onya kwa mpangilio, na utenganishe msamaha na adhabu

Kwa makosa ya kawaida ya kazi, kama vile kuchelewa, kauli mbaya kwa wateja au uzembe mdogo, fuata njia ya Mathayo 18. Kwanza mwone mhusika ninyi wawili peke yenu, mlango ukiwa umefungwa na simu zimewekwa kando. Taja tendo lenyewe na siku yake, kwa mfano, “Jumanne na Alhamisi ulifika saa tatu, na wagonjwa walikuwa wamepanga foleni tangu saa moja,” na usiseme kamwe, “Wewe siku zote ni mvivu.” Halafu nyamaza umsikilize. Mara nyingi utakachosikia kitakubadilisha: daladala zimebadilisha njia, mtoto ana kifafa, mume amehama nyumbani. Asipobadilika baada ya hapo, mwite tena ukiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake anayemwamini, na mliyokubaliana myaandike. Kukaripia watu mbele ya wenzao au kwenye kundi la WhatsApp la ofisi si ukali wa uongozi hata kidogo. Ni kumvua mtu nguo sokoni.

Kosa likiwa zito, shauri la nidhamu linahitaji utaratibu kamili, na hapa nimeona Wakristo wakikosea kwa pande zote mbili. Kanuni za Utendaji Bora zilizotangazwa mwaka 2007 kwa Tangazo la Serikali Na. 42 zinataka mtuhumiwa aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, aruhusiwe kuja na mwenzake wa kumsaidia, na shauri liongozwe na mkubwa ambaye hakuhusika na tukio. Wapo wanaoruka haya yote kwa hasira, na wapo wanaoyaruka kwa huruma, wakimwita mwizi wa dawa pembeni, wakasali naye, na kufunga jambo. Huyo wa pili hudhani ametenda kama Kristo, lakini wagonjwa waliokosa dawa hawakuwamo katika sala ile, na mfanyakazi mwaminifu aliyetoa taarifa amejifunza asitoe tena.

Msamaha ni wako wewe uliyekosewa, na unaweza kuutoa hata kabla shauri halijasikilizwa. Mali ya hospitali, ya shule au ya wanahisa si yako, wala huna uwezo wa kuisamehe kwa niaba yao. Niliwahi kusaini barua ya kuachishwa kazi kijana niliyempenda, aliyekuwa amekiri kuuza betri za magari kutoka bohari; nilimwambia siku ileile kwamba sina kinyongo naye, nikamkumbusha kwamba akiona hakutendewa haki anazo siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nikahakikisha stahiki zake zote zimelipwa na cheti chake cha utumishi kimetolewa. Baadaye nilimtembelea kwao. Barua ilisimama kama ilivyokuwa, na urafiki pia.

Hatua ya sita: Usiifanye imani yako kuwa sharti la kazi

Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda uhuru wa kila mtu wa kuabudu, na Sheria ya Ajira inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya dini. Kwa Mkristo kuna sababu ya ndani zaidi: imani inayotafutwa kwa kumwogopa bosi si imani. Kama mnafanya sala ya asubuhi, ifanyike kabla ya muda wa kazi, katika chumba ambacho asiyeshiriki halazimiki kupita, na kwa hali yoyote usiwe wewe unayehesabu nani yupo. Usipange kikao Ijumaa saa saba mchana wakati Waislamu wanakwenda kuswali, wala usimpangie Msabato zamu ya Jumamosi huku ukijua kuna mtu mwingine anayeweza kubadilishana naye. Mwezi wa Ramadhani panga kazi za nguvu ziwe asubuhi. Nilipoanza kuyafanya haya, mafundi Waislamu walijitolea wenyewe kushika zamu za Krismasi na Pasaka, nami sikuwahi kuwaomba.

Michango nayo iangaliwe. Kadi ya harusi ya mwanao au ya harambee ya kanisa lako, ikiwekwa mezani kwa mtu unayemjazia tathmini ya utendaji, si ombi tena. Msimamizi asipitishe kadi zake kwa walio chini yake, akitaka waje sherehe awaalike tu bila bahasha.

Hatua ya saba: Ukikosea, sema

Sema mapema, kwa ufupi, mbele ya wale waliokuwapo ulipokosea. Ulimsingizia mtu kikaoni, msafishe kikaoni. Kumwomba radhi pembeni baada ya kumwaibisha hadharani ni kulipa nusu ya deni. Kisha rekebisha kilichoharibika kabla hujaomba usahauliwe.

Hatua ya nane: Jiandae kuondoka tangu sasa

Samweli alipozeeka na kumkabidhi Sauli uongozi, aliwakusanya Waisraeli wote akawauliza, katika sura ya 12 ya kitabu cha kwanza cha Samweli, alitwaa ng'ombe wa nani, alitwaa punda wa nani, alimdhulumu nani, na alipokea rushwa kwa mkono wa nani, akaahidi kuwarudishia. Watu wakajibu kwamba hakuwadhulumu. Swali hilo linaweza kuulizwa kila mwaka, wala halihitaji kungoja uzee. Kila mwezi wa Desemba mimi huwapa wafanyakazi karatasi isiyo na jina yenye maswali manne: ni nini unakidai ambacho hakijalipwa, ni ahadi gani niliyoitoa na sijaitimiza, ni nani nimempendelea, na ni lini nilikuonea. Anayezikusanya ni mwakilishi wa wafanyakazi, ili nisizitambue kwa mwandiko, naye hunisomea akiwa ameziandika upya.

Unapohamishwa au kustaafu, hati ya makabidhiano isiwe ya funguo, magari na masurufu peke yake. Ongeza ukurasa unaotaja kwa majina wafanyakazi wanaodai siku za likizo na idadi yake, wenye mashauri ambayo hayajaamuliwa, aliyeahidiwa mafunzo na lini, mjamzito anayetarajia kujifungua na tarehe aliyopangiwa kuanza likizo, na kibarua ambaye malipo yake ya wiki ya mwisho bado yako njiani. Usome ukurasa huo pamoja na anayekupokea, wahusika wakiwapo kila mmoja kwa jambo lake, kisha mtie saini nyote wawili na nakala moja ibaki kwa mwakilishi wa wafanyakazi.